Kirui amebaki Everest. Na Nawang je?

*Familia ya mpanda mlima Mkenya iliamua asishushwe kutoka kilele kirefu kuliko vyote duniani. Uamuzi huo umeacha swali ambalo wapandaji wa Afrika Mashariki bado hawajalijibu.*

Ujumbe wa mwisho kutoka juu haukuwa wa Joshua Cheruiyot Kirui mwenyewe. Aliyezungumza na kambi ya chini alikuwa kiongozi wake, Nawang Sherpa. Kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa baadaye na wapandaji wenzake Kirui, alisema kwamba Mkenya yule amebadilika, hayupo katika hali yake ya kawaida, hataki kurudi chini na hataki oksijeni ya mtungi.

Ilikuwa Jumatano, 22 Mei 2024. Wawili hao walikuwa karibu kabisa na kilele cha Everest, mita 8,848.86 juu ya usawa wa bahari. Mawasiliano yakakatika. Siku iliyofuata mwili wa Kirui, aliyekuwa na umri wa miaka 40, ulionekana mita chache chini ya kilele. Nawang, mwenye miaka 44, hakuonekana.

Siku chache baadaye familia ya Kirui ikatoa uamuzi wake. Ilikuwa imeshauriana kwa kina na kuona kwamba si sawa kutuma watu wengine wahatarishe maisha yao ili kumshusha marehemu. Kirui angebaki mlimani, mahali alipopapenda.

Wakenya wengi walishtuka. Hii ni nchi ambayo maiti husafirishwa usiku kucha, jeneza likiwa limefungwa juu ya paa la matatu na magari ya msafara yakipepea utepe mwekundu, mradi tu marehemu alazwe kwao. Kumwacha mtu wako mahali usipoweza hata kufika na kiganja cha udongo si jambo dogo.

Tangu hapo wapandaji wa Kenya na majirani zao wamemlilia Kirui kwa dhati. Wamemsifu kwa ujasiri, nidhamu na ucheshi. Lakini watu wawili hawakurudi siku ile, na katika rambirambi nyingi jina la pili lilitajwa mara moja, kama maelezo ya pembeni, kisha likapita.

Mtu wa benki, mtu wa milima

Kirui alikuwa mfanyakazi wa Benki ya KCB. Hakuzaliwa katika ukoo wa wapanda milima wala hakulipwa mshahara kwa kupanda. Alikuwa mmoja wa kizazi kipya cha Wakenya wa mjini ambao Ijumaa jioni hufunga virago na kuelekea Mlima Kenya.

Safari zao hufanana. Wanaingia kwa lango la Sirimon, wanalala Old Moses, kesho yake wanavuka bonde la Mackinder hadi kambi ya Shipton. Saa tisa usiku wanaamshwa, kila mmoja na taa yake kichwani, kichwa kinagonga, tumbo linakataa chai. Jua linapochomoza wako Lenana, mita 4,985, wanapiga picha na bendera, halafu wanashuka mbio ili Jumatatu wawe kazini.

Wengi huishia hapo. Wachache hurudi kujifunza kamba na miamba ili wafike Batian, mita 5,199, kilele halisi cha mlima huo. Wachache zaidi huvuka mpaka kwenda Kilimanjaro, mita 5,895. Baada ya hapo bara letu halina tena pa kupanda juu zaidi, na anayetaka kuendelea lazima akate tiketi ya ndege.

Waafrika waliotangulia Everest si wengi, lakini wapo. Sibusiso Vilane wa Afrika Kusini alifika mwaka 2003, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mtanzania Wilfred Moshi alifika mwaka 2012. Mkenya wa kwanza, James Kagambi, alisimama kileleni 12 Mei 2022 akiwa na miaka 62, pamoja na kikosi cha wapandaji weusi kutoka Marekani.

Kwa hiyo bendera ya Kenya ilikuwa imeshafika. Kirui alitafuta jambo gumu zaidi: kufika bila oksijeni ya ziada na kuweka rekodi ya Mwafrika. Hakukurupuka. Mwaka 2023 alikuwa amepanda Manaslu, mlima wa nane kwa urefu duniani, mita 8,163, bila kuvuta mtungi. Ndiyo maana wenzake walimwamini.

Damu inapokosa hewa

Watu husema juu ya mlima hakuna oksijeni. Ipo, kwa asilimia ileile iliyopo Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye kilele cha Everest mgandamizo huo ni kama theluthi moja tu ya ule wa pwani, na mapafu hayawezi kuvuta kinachotosha hata mtu akihema kama aliyetoka kwenye mbio.

Mwaka 2007 madaktari wa Uingereza walipanda Everest kujipima wenyewe. Wakiwa mita 8,400, wakitoka kileleni, walifungua nguo katika baridi ile, wakachomana sindano kwenye mshipa wa kinena na kutoa damu. Watu wanne walipimwa. Kiwango cha wastani cha oksijeni katika damu yao kilikuwa milimita 24.6 za zebaki. Mtu mzima aliyeketi nyumbani kwake pwani huwa na kati ya 80 na 100.

Mgonjwa akiletwa hospitali na namba kama hiyo, wauguzi watakimbia. Wale madaktari walikuwa wamesimama kwa miguu yao kwa sababu walikaa wiki nyingi mlimani wakiuzoesha mwili.

Damu ile ilihitaji kupimwa haraka, kabla haijaharibika. Maabara ilikuwa kambini, mita 6,400. Aliyeishusha ni Sherpa.

> Mlima unapoanza kumdhuru mtu, huanza na kiungo kile kile anachohitaji ili ajue kwamba anadhurika.

Ubongo ukikosa oksijeni, na hasa ukianza kuvimba, mtu hubadilika. Huyumba, hubisha, huona visivyokuwepo, huvua glovu akidhani anasikia joto. Anaweza kukataa mtungi ambao ungemwokoa huku akiamini kabisa kwamba yuko timamu. Hakuna daktari aliyemchunguza Kirui saa ile, na hakuna anayeweza kuapa ni nini kilimpata. Lakini maneno yaliyonukuliwa kutoka kwa Nawang yanafanana mno na dalili ambazo kila kiongozi wa milima mirefu anazijua.

Kupanda bila mtungi si wazimu. Reinhold Messner na Peter Habeler walithibitisha 8 Mei 1978 kwamba inawezekana, baada ya wataalamu wengi kudai kwamba ubongo ungeharibika. Ang Rita Sherpa wa Nepal alifanya hivyo mara kumi. Hata hivyo, kati ya maelfu ya watu waliofika Everest, waliofika bila mtungi ni zaidi kidogo ya 200 tu. Wanaoitetea njia hii husema ndiyo safi: mtungi, kwao, huushusha mlima hadi kwa mpandaji, badala ya mpandaji kuupandia mlima.

Uokoaji unapoua

Ili kuelewa kwa nini familia ilikataa Kirui ashushwe, si lazima twende Nepal. Tuanze na Mlima Kenya, Septemba 1970.

Waaustria wawili, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamefika Batian. Walipoanza kushuka, jiwe lilimponyoka Judmaier, akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Oelz alimhudumia palepale mwambani. Waokoaji wa Kenya walipanda, na wengine wakaletwa kwa ndege kutoka Austria. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumshusha, na Judmaier akapona.

Aliyekufa alikuwa mtu mwingine. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alipaa na helikopta kwenda kusaidia, ikaanguka mlimani.

Oelz, aliyekuwa daktari, hakuacha milima. Miaka minane baadaye alikuwa tabibu wa msafara uleule wa 1978 ambao Messner na Habeler walifika nao Everest bila mtungi. Aliyekaa na majeruhi chini ya Batian ndiye aliyesubiri kuona kama rafiki zake watarudi na akili zao.

Everest nayo ina hesabu yake. Mwaka 1979 mpandaji Mjerumani, Hannelore Schmatz, alifia kwenye ukingo wa kusini akishuka. Mwili wake ulikaa pale kwa miaka, wapandaji wakipita kando yake. Mwaka 1984 wanaume wawili wa Nepal, Yogendra Bahadur Thapa na Ang Dorje, walikwenda kuushusha. Wote wawili walianguka wakafa. Mwili mmoja ukawa miili mitatu.

Hali haijabadilika sana. Helikopta za uokoaji hufanya kazi kwa shida zikipita mita 6,400. Juu ya hapo ni mikono ya watu. Mwili ulioganda na kushikana na barafu unaweza kupita kilo 100, na huhitaji kundi zima la watu kuuteremsha kwa kamba, hatua kwa hatua, mahali ambapo kila saa ya ziada inakula oksijeni yao wenyewe. Gharama hufika makumi ya maelfu ya dola.

Arudishwe, asirudishwe

Bado wapo wanaoamini kwamba marehemu lazima arudi nyumbani, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Kenya haijasahau kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, mahakama zikabishana, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Taifa zima lilijifunza kwamba mahali pa kaburi ni jambo la watu wengi. Kaburi huonyesha mtu ni wa nani, na hufunga msiba ili waliobaki waendelee na maisha.

Kuna pia upande wa sheria. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya huruhusu mtu kudhaniwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia. Mwili wa Kirui ulionekana, kwa hiyo familia yake ilipata jibu mapema. Familia zinazoambiwa tu kwamba ndugu yao hajulikani alipo huishi na mlango usiofungwa, na mali, mikopo na bima navyo husimama.

Katika msimu huohuo wa 2024 familia nyingine ilichagua njia nyingine. Siku moja kabla ya Kirui kupotea, theluji ya ukingoni ilimomonyoka karibu na kilele na kumchukua Mwingereza Daniel Paterson pamoja na kiongozi wake, Pas Tenji Sherpa, kijana wa miaka 23. Watu wa karibu wa Paterson walichangisha fedha za kuwatafuta. Mwaka huohuo jeshi la Nepal liliteremsha tani 11 za taka pamoja na miili minne na mifupa ya mtu mmoja kutoka Everest na milima jirani, ishara kwamba serikali yenyewe imechoka kuona mlima unageuka makaburi.

Wanaopinga kushushwa kwa miili hujibu kwamba aliyekufa hawezi kufa tena, lakini anayemfuata anaweza. Familia ya Kirui ilisimama upande huu, na haikufanya hivyo kwa kukosa upendo au fedha. Ilikataa kuwafanya watoto wa watu wengine walipe gharama ya msiba wake. Katika historia ya Everest, ambako waliopoteza maisha tangu miaka ya 1920 ni zaidi ya 300, si kila familia iliyofika mahali hapo.

Mtu wa pili

Hoja hiyohiyo, ikifuatwa hadi mwisho, inatufikisha kwa Nawang. Ikiwa ni makosa kumtuma Sherpa akafe kwa ajili ya maiti, tunasemaje juu ya Sherpa aliyebaki na mtu aliye hai asiyetaka kuteremka?

Tufikirie alichokuwa nacho Nawang wakati ule: mteja aliyelipia safari, ndoto yenye wafuasi nchini kwake, na mtu mzima anayesema hapana. Kumburuta mtu anayekataa, kwenye ukingo mwembamba wenye maporomoko pande zote mbili, ni vigumu mno kwa mtu mmoja. Kumwacha ni aibu na pengine ni kupoteza kazi. Kukaa naye ni kumaliza hewa yako mwenyewe.

Siku hiyohiyo, 22 Mei, Kami Rita Sherpa alifika kilele cha Everest kwa mara ya 30, rekodi ya dunia wakati huo. Magazeti yalilibeba jina lake kwa sababu ya hesabu ile. Masherpa wengi hupanda maisha yao yote bila jina lao kuandikwa popote, hadi waorodheshwe pamoja na mgeni aliyekufa.

Thamani yao iliwahi kupigiwa hesabu waziwazi. Asubuhi ya 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka katika eneo la Khumbu na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal waliokuwa wakitayarisha njia ya wageni. Serikali ilitoa kwa kila familia rupia 40,000 za kuanzia, kama dola 400. Masherpa waligoma, msimu ukafungwa. Baada ya hapo bima ya maisha ya wafanyakazi wa milima mirefu ikapandishwa hadi rupia milioni 1.5. Kwa thamani ya fedha ya mwaka 2024 hiyo ni takriban dola 11,000, sawa na ada ya kibali cha mpandaji mmoja wa kigeni wakati huo.

> Bima ya uhai wa kiongozi na kibali cha mteja wake vilikuwa na bei moja.

Wapandaji wetu hawana udhuru wa kutoijua hali hii. Kilimanjaro imejengwa juu ya mabega ya wapagazi, ambao mjini Moshi wanajulikana kama wagumu, na mzozo wa ujira wao, mavazi yao na mzigo wa kilo 20 umekuwa ukisemwa kwa miaka. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika kilele cha mlima huo, na vitabu vikamkumbuka yeye. Wachagga waliomwongoza na kumbebea mizigo walisubiri muda mrefu kutajwa. Leo, Wakenya na Watanzania wakiwa wateja huko Himalaya, tumehamia upande wa pili wa kamba ileile.

Nani mwenye neno la mwisho?

Baada ya msiba huu mjadala umegawanyika. Wapo wanaotaka wapandaji wa Afrika Mashariki waachane na majaribio ya bila mtungi. Wengine wanasema kupiga marufuku ni kumtukana marehemu aliyejua hatari na kuichagua akiwa mtu mzima.

Pande zote mbili zinazungumza juu ya mteja tu. Mpandaji ana haki ya kuhatarisha maisha yake. Hana haki ya kuhatarisha ya mwingine kwa kimya, na katika mkataba wa kawaida wa mlima mrefu kimya hicho ndicho kinachouzwa: kiongozi hulipwa ili afike na mteja, na mara nyingi hupata bahashishi nono zaidi kilele kikifikiwa.

Kilimanjaro tunao utaratibu mwingine ambao umezoeleka kiasi kwamba hatuoni thamani yake. Kiongozi hupima oksijeni ya mgeni kwa kifaa cha kidoleni, huuliza kama amelala na kama amekula, na akisema shuka, mgeni anashuka, hata akilia. Ni kweli kwamba chini ya mita 6,000 mgonjwa anaweza kubebwa kwa machela, na karibu na kilele cha Everest hawezi. Hiyo ndiyo sababu amri ya kiongozi ingepaswa kuwa na nguvu zaidi kule, na itolewe mapema zaidi, akili ya mteja ikiwa bado inaweza kuipokea.

Nepal imeanza kukaza kanuni. Mwaka 2025 ada ya kibali ilipandishwa kutoka dola 11,000 hadi 15,000, na mwongozo mpya unataka kila wapandaji wawili wa milima inayozidi mita 8,000 wawe na angalau kiongozi mmoja. Lakini kanuni za Kathmandu haziwezi kuandika makubaliano ya faragha kati ya Mkenya na kiongozi wake.

Hayo vilabu vyetu vinaweza kuyaandika. Mpandaji akubali kabla ya safari, kwa maandishi na mbele ya familia yake, saa ya kugeuka, dalili zitakazompa kiongozi mamlaka kamili, na ruhusa kwa kiongozi kushuka peke yake asipotiiwa, bila kukatwa ujira wala kulaumiwa. Mashirika na kampuni zinazotoa fedha ili nembo zao zipigwe picha kileleni zilipe pia bima ya kiongozi, kwa kiwango kinacholingana na cha mteja wake.

Kwa Masherpa wengi, ambao ni Wabudha, mwili wa marehemu huchomwa na maombi huendelea kwa siku 49. Njiani kuelekea mlimani, katika kipito cha Thukla, kuna minara ya mawe ya kuwakumbuka waliokufa Everest, wageni na wenyeji. Wapandaji wetu wanaosema wanataka kumuenzi Kirui wanajua njia ya kufika pale. Lakini jiwe ni rahisi kuweka. Kazi iliyo ngumu zaidi, na ambayo ingefanana na uamuzi wa familia yake, ni kuhakikisha kwamba Mkenya au Mtanzania anayefuata haondoki nyumbani kabla jina la kiongozi wake, bima yake na haki yake ya kusema "tunashuka" havijaandikwa kwenye karatasi ileile iliyo na jina la mpandaji.